Mwaka Tuliomwita Tata

Wegesa, mke wa marehemu kaka yangu, alinipigia simu wiki chache kabla hajafa. Mtandao wa kule Natta unakuja na kuondoka unavyotaka, kwa hiyo maneno yalinifikia vipande vipande na ilibidi ayarudie. "Wifi," alisema, "mtoto anajua ni yeye aliyempeleka baba yake kwenye lile shimo. Ni mimi nilimsimulia hivyo tangu mdogo, nikidhani namsifia. Wewe ulikuwepo asubuhi ile. Mwondolee hilo jambo." Nikamwambia aache maneno ya watu wanaoaga, mwezi ujao nakuja na ndizi za Nyamwaga, tutakaa sote watatu tuongee mpaka tuchoke. Mwezi uliofuata nilikuja na ndizi kweli, nikazikabidhi kwa wanawake waliokuwa wanapika kwenye matanga yake. Huyo aliyekuwa akimwita mtoto ni mwanaume mwenye ndevu, dereva wa magari ya watalii, na jina lake ni Nyamhanga, jina la baba yangu mzazi. Alinipokea begi langu getini, akainama, "Shikamoo, shangazi." Nikaitikia, "Marahaba, baba," kama nilivyomzoesha tangu akiwa hajui kutembea.

Nilimtazama nikamwona kaka yangu Marwa, paji lile lile, mabega yale yale ya mtu anayejiandaa kubeba kitu. Aliniketisha, akanitafutia mto wa mgongo, akamtuma binti yake Neema, wa miaka minne, aniletee maji ya kunawa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, maana watu walikuwa wengi, "Tukishamzika mama nataka tuongee habari za baba. Ila usihangaike kunieleza mwaka ule ulivyokuwa. Naukumbuka wote." Nikamuuliza anaukumbuka vipi. Akasema, "Naukumbuka tu, shangazi. Mambo mengine hayafutiki." Sikumbishia hapo, kwa sababu jeneza la mama yake lilikuwa chumba cha pili, na kwa sababu nilijua mwaka ule alikuwa hajafikisha miaka mitatu.

Nilifundisha chekechea ya parokia kwa miaka mingi, mpaka magoti yalipokataa kuinama kwenye vile viti vidogo. Siku moja walituletea semina, na kijana aliyetufundisha alisema watu karibu wote hawakumbuki lolote la kabla ya kutimiza miaka mitatu. Wanayodhani wanayakumbuka, alisema, mara nyingi ni waliyosimuliwa, yakasimuliwa tena, mpaka ubongo ukayapa sura na rangi na kuyaweka pamoja na mambo yaliyotokea kweli. Walimu wenzangu walicheka, mmoja akaapa anakumbuka alivyozaliwa. Mimi sikucheka. Nilikaa pale na chai yangu ikapoa, nikimfikiria mtoto mmoja aliyekuwa mbali upande wa pili wa Mto Mara, anayekua huku akilishwa siku moja ya maisha yake na watu ambao hawakuiona. Ningeweza kupanda gari siku ile ile nikamtafute. Lakini unamwambiaje mtu kwamba anachokiona kichwani mwake hakipo?

Mwaka wenyewe ulikuwa mwaka wa dhahabu. Kila mwenye mikono alikuwa anachimba, na asiye na nguvu za kuchimba alikuwa anauzia chakula wanaochimba. Nyuma ya kilima chetu, mahali tulipokuwa tunalisha ng'ombe, palifunguka mashimo ambayo wachimbaji wanayaita maduara, mengine yana upana wa mlango tu, mtu anashuka ndani kwa kamba akiwa na nyundo na tochi. Walikuja watu kutoka Kisaka, kutoka ng'ambo ya Sirari, Wasukuma, Wajaluo, kila mtu na lugha yake, na katikati yao Kiswahili kikawa kama soko la wote. Nyumbani tulikula dagaa kuliko nyama, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kwenda machungani. Ugali wa mtama na muhogo ulisongwa mara moja kwa siku, mkubwa kama kigoda, na waliochelewa walikuta umegandamana na sufuria. Tangu jua linachomoza ulisikia wanawake wanatwanga mawe kwenye vinu vya chuma kule bondeni. Wegesa alikuwa mmoja wao. Aliondoka asubuhi amejifunga kitambaa puani na kurudi jioni nywele zimekuwa nyeupe, Marwa akawa anamcheka, ati yeye ameoa bibi kizee. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nina miaka kumi na sita, sina shule ya kwenda, nikapewa kazi ya kukaa na mtoto.

Mtoto alizaliwa juma lile lile tulipomzika baba. Hapakuwa na mjadala kuhusu jina. Na kwa kuwa alikuwa na jina la baba, tulimwita baba, au kwa Kikurya chetu, tata. Marwa alimwita mwanawe tata. Mama yangu, ambaye alikuwa bibi yake, alimwita "mume wangu" na kumlalamikia kwamba amemwacha peke yake na mbu. Wachimbaji waliopita kuomba maji walimwamkia "Shikamoo, mzee," naye akatoa sauti fulani ya puani, watu wakavunjika mbavu. Hayo ni mambo ya kawaida kwetu, hata leo utayasikia. Ni utani na pia si utani, na katika mwaka wa kawaida mtoto anakua, anaanza kuiba sukari, na watu wanakumbuka kuwa ni mtoto tu.

Ila baba yangu alikuwa na tabia moja inayojulikana kijiji kizima. Ujanani aliwahi kufanya kazi kwenye mgodi wa zamani wa Wazungu, na alirudi na namna yake ya kupima jiwe. Alilichukua, akaliramba ili rangi yake ionekane, akafumba jicho moja akalielekeza juani, halafu akalibandika shavuni chini ya sikio kama mtu anayelisikiliza. Jiwe la maana alilitia kwapani. La hovyo alilitupa nyuma yake bila kugeuka, na ole wako ukiwa umesimama hapo. Hiyo ya shavuni hakufundishwa na Mzungu yeyote, ilikuwa yake peke yake. Alifanya hivyo hata kwa mawe ya barabarani, hata enzi zile ambapo hakuna aliyejali dhahabu, na sisi wanawe tulikuwa tunamwonea aibu.

Sasa siku moja Marwa alileta nyumbani kiroba cha mawe ili ayachambue kabla ya kuyapeleka kwenye karasha yakasagwe. Aliyamwaga uani. Wenzake wawili watatu walikuwa wamekaa wanakunywa uji, mama yuko mlangoni mwa jiko, Wegesa anajipangusa vumbi. Mtoto akatoka ndani akiwa amevaa shati tu, akachuchumaa, akachukua jiwe moja. Akaliramba. Akafumba jicho, kwa shida, maana lile la pili nalo lilikuwa linafumba. Kisha akalibandika shavuni chini ya sikio, akatulia, akalitia kwapani. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wanaume aliweka kikombe chini polepole. Mama alipiga kelele, si vigelegele wala kilio, akasema jina la baba, kisha akakaa chini palepale mlangoni. Sitaficha, nilikuwa nimemlilia baba yangu miaka miwili, na kwa dakika ile niliamini amerudi, na nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi.

Lile jiwe walilisaga peke yake, wakaliosha, likatoa dhahabu inayoonekana kwa macho. Ndiyo hivyo. Kama lisingetoa kitu, nisingekuwa na la kusimulia. Toka siku ile kigoda cha baba, ambacho kilikuwa kimeegemezwa ukutani bila mtu kukikalia, kilitolewa uani akakalishwa mtoto ambaye miguu yake haikugusa chini. Wakichinja mbuzi, kipande cha mzee aliletewa yeye, akakinyonya chumvi na kunipa mimi nimalizie. Asubuhi watu walipanga foleni na mawe yao, wengine wametembea kutoka mbali. Marwa aliwapanga kama karani wa zahanati. "Ngoja, wewe. Mzee hajamaliza uji." Na mzee alikuwa amejimwagia uji kifuani.

Majuma machache baadaye nilikuwa jikoni na mama. Yeye alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mimi napuliza moto ambao kuni zake zilikuwa mbichi, mtoto amekaa mbele ya mama, magoti yao yanagusana. Moshi uliponipa nafasi nilimwona mama ametoa kijiwe kwenye maharage. Badala ya kukitupa, akakiramba. Akafumba jicho moja. Akakibandika shavuni, akakaa nacho hapo kwa muda, macho yake yapo mbali, halafu akakitia kwapani, ndani ya kanga. Alipofika kijiwe cha pili akafanya vile vile. Hakuwa anamwonyesha mtu. Mikono ilikuwa inajiendea yenyewe, jinsi ya mtu anayesuka ukili huku anaongea. Na mtoto alikuwa hatazami kijiwe. Alikuwa anatazama mdomo wa mama, kisha jicho lake, kisha shavu, na mdomo wake mwenyewe ulikuwa unafunguka na kufungika taratibu, ukifuata.

Nilijua palepale. Nilipokuwa mwalimu niliona jambo hilo kila siku, mtoto anayejikuna kichwa kama mjomba wake, anayekohoa kama babu aliye na kifua, anayepanga viatu kwa hasira ya mama yake wa kambo. Hawatuigi tunapowaita waje waone. Wanatuiga tukiwa tumejisahau. Lakini siku ile sikuwa mwalimu, nilikuwa msichana mwenye macho yanayotoka machozi ya moshi. Nikasema, "Mama, ni wewe."

"Mimi nini?"

"Unayemfundisha. Hivyo vijiwe. Unafanya kama baba, naye anakuona."

Mama alitazama mikono yake. Alitia mkono kwapani, vijiwe vikaanguka kwenye ungo, akavitazama kana kwamba ni mtu mwingine amemwekea. Nilidhani atanifokea. Alimwacha mtoto amvute kanga. Kisha akasema kwa Kikurya, polepole, "Kwa hiyo yupo ndani yangu. Ametoka kwangu ameingia kwa mtoto. Sasa hiyo si ndiyo kurudi? Ulitaka apite wapi, mlangoni?" Akarudi kwenye maharage yake. Mpaka leo nadhani alikuwa sahihi. Alikosea mahali pamoja tu. Kilichorudi kilikuwa mkono wa baba na shavu lake. Alichokuwa anakijua kuhusu mawe hakikurudi.

Nilimwendea Marwa. Alinisikiliza akiwa ananoa mtalimbo wake, halafu akawaita wenzake wasikie. "Huyu Robi anasema tata hajarudi. Ati amesoma darasa la saba." Wakacheka. Mmoja akaniuliza kama nimeandika mtihani wa mizimu pia. Marwa alinipenda, nisieleweke vibaya, alininunulia viatu vya kwanza vya ngozi mwaka ule ule. Lakini alikuwa na miaka ishirini na minne, alikuwa amempoteza baba kabla hajamuuliza chochote cha maana, na sasa kila asubuhi baba anamjibu. Ni nani angekubali kuambiwa na mdogo wake wa kike kwamba anajibiwa na maharage? Nilipomwambia Wegesa, alinivuta nyuma ya ghala. "Mimi nilishaona si mzee," alisema. "Ni mwanangu, najua harufu yake. Lakini mimi ni mgeni hapa, wifi. Nikisema, watasema mwanamke wa Natta anafukuza baraka ya Wakurya." Alikuwa analia bila sauti, na vumbi la mawe usoni lilichorwa mistari.

Kilichoniumiza zaidi ni kile nilichokiona nilipoanza kuangalia kwa makini. Mtoto hakuwa anatazama mawe hata kidogo. Alikuwa anatazama nyuso. Mtu akija na jiwe analolitumaini, anamwinamia, midomo imeachama kidogo, nyusi juu. Mtoto anairamba ile sura yote kwa macho, na jiwe linakwenda kwapani. Hapo watu wote wanashangilia, wanampigia makofi, baba yake anamrusha juu. Mtu akija na jiwe huku amekata tamaa, uso ameugeuzia kando, mtoto analitupa nyuma, watu wanasema "Aaa!" kwa heshima. Tulikuwa tunamfundisha kutwa nzima. Tulimvika kilemba cha ukoka mtoto ambaye hajaacha kukojoa kitandani, naye akajifunza haraka, kama wanavyojifunza wote, ni kitu gani kinatufanya tumpende. Mawe mengine yalitoa dhahabu kwa sababu yalitoka kwenye miamba yenye dhahabu. Yasiyotoa, hakuna aliyeyazungumzia. Nami nilikaa pale na chupi zake mbichi mkononi, nikiona kila kitu, nisiweze kuzuia hata kimoja.

Mvua zilianza mapema. Kulikuwa na duara moja upande wa chini wa kilima ambalo waliokuwa wakilichimba walikuwa wameliacha, kwa sababu kuta zake zilikuwa udongo mtupu na maji yalikuwa yanapenya. Marwa alilitamani. Aliliongelea akila, aliliongelea akinawa, aliokota mawe kwenye kifusi chake akayabeba mfukoni. Wenzake hawakutaka kushuka. Walimwambia, "Tutaingia kama mzee akikubali." Lakini juma lile mtoto alikuwa na homa kali ya malaria. Foleni ilisimamishwa. Alikuwa harambi kitu, hali, hata kigoda alikikataa, anataka mgongo wangu tu.

Asubuhi ile Wegesa alikuwa amekwenda zahanati kuulizia dawa, mama alikuwa shambani kwa sababu maji yalikuwa yanazoa mihogo. Nilikuwa nimesimama chini ya upenu, mtoto mgongoni nimemfunga kwa kanga, amelala, pumzi yake ya moto inanichoma shingo. Marwa akaja. Alikuwa amelowa. Alitoa jiwe mfukoni, akalifuta kwa shati, akazunguka nyuma yangu. Nikageuka. "Kaka, mwache, amelala." Akasema, "Simwamshi." Akazunguka tena, na safari hii alinishika bega nisigeuke. Nilihisi mkono wake unapita karibu na sikio langu. Alilibandika lile jiwe kwenye shavu la mtoto, chini ya sikio. Jiwe lilikuwa baridi na mtoto alikuwa na homa, kwa hiyo aligeuza uso akalilalia, akashusha pumzi. Basi. Ndivyo angefanya mtoto yeyote mwenye homa.

"Umeona?" Marwa alisema. "Amekubali."

"Marwa, amelala huyu. Amelala!"

"Wazee huota," akasema. Hakuwa anacheka. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kusali. Nilimshika shati. Nilimwambia ngoja Wegesa arudi, ngoja mvua, ngoja mama. Nikamwambia tena lile la maharage. Alifungua vidole vyangu kimoja kimoja, bila kuniumiza, akaniambia nimfunike tata vizuri, kuna baridi. Ningemkimbilia, lakini nilikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni na mvua ilikuwa inanyesha. Hata ningemkimbilia, ningemfanya nini? Alikuwa mwanaume mzima na alikuwa amejibiwa.

Kule kilimani aliwaambia wenzake, "Mzee amekubali," nao wakamshushia kamba. Kabla hawajaanza kumfuata, duara likaporomoka. Mmoja wao alikuja mbio mpaka uani kwetu, hana pumzi, anaonyesha tu kwa mkono. Walichimba siku ile yote, watu wa lugha zote, mpaka wakamtoa. Mama alipouona mwili hakulia kwanza. Alimtazama mjukuu wake mgongoni kwangu, akasema, "Umemwita mwanao, sivyo? Ulikuwa mpweke." Na hivyo ndivyo ilivyosemwa kilima kizima: mzee amemwita mwanawe. Hakuna aliyemlaumu mtoto. Ingekuwa afadhali wangemlaumu, kwa maana lawama ningeijibu.

Kwenye matanga ya Marwa mtoto alikuwa amepona. Uani kulikuwa na watu wengi wamekaa kimya, na kwake yeye watu wengi uani walikuwa na maana moja. Alikwenda akaokota jiwe. Akaliramba, akafumba jicho, akalibandika shavuni, akalitia kwapani, halafu akainua uso akawatazama, akisubiri. Watu walitazama chini. Akatafuta jiwe lingine, akaanza upya, kwa bidii zaidi, akamfuata mzee mmoja mpaka magotini. Yule mzee alinyanyuka akaondoka. Mtoto alikwenda kwa mama yangu, na mama akajifunika uso kwa kanga. Nilimbeba nikampeleka nyuma ya ghala nikamkumbatia, naye akawa ananisukuma kifua ili anione usoni. Baada ya hapo aliendelea kujaribu siku moja moja, kisha akaacha. Hata mwezi haukuisha, alikuwa amesahau kabisa. Wegesa alimbeba wakavuka Mara kurudi kwao Natta, na wazee wetu, ambao kwa kawaida wangebisha kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wetu, waliwaacha waende.

Tulimzika Wegesa. Asubuhi iliyofuata, watu wa mbali wakiwa wameshaanza kuondoka, Nyamhanga alileta viti viwili chini ya ukuta wa jikoni penye jua, Neema akaja akakaa mapajani mwake. Nilimweleza kila kitu kama nilivyoeleza hapa. Maharage. Nyuso. Homa, kanga yangu, jiwe la baridi. Nilimwambia, "Baba, hukumwonyesha mtu shimo lolote. Ulikuwa umelala mgongoni kwangu. Nilikuwepo, hakukuwa na mwingine. Mama yako mwenyewe aliniomba nikwambie." Nilikuwa nimebeba maneno hayo maisha yangu yote na sasa yalikuwa yametoka, na niliyaona madogo.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Alikuwa ananitazama kwa huruma. "Shangazi, asante," alisema. "Najua unataka nipumzike. Lakini naona kabisa. Nimekaa kwenye kigoda. Baba amechuchumaa mbele yangu, mvua imemlowesha kichwa. Ananiuliza wapi, tata? Mimi nanyoosha mkono, hivi, kwa lile shimo la chini. Ananishika kidole anakibusu."

"Hakukuwa na kigoda. Shimo halikuonekana kutoka nyumbani kwetu, kilima kilikuwa katikati."

"Lilionekana."

"Nyamhanga. Ulikuwa na homa."

"Umezeeka, shangazi," alisema kwa upole kabisa, na aliinama akanifunga vizuri kanga iliyokuwa inaniteleza mabegani. "Mambo yale yalikuumiza, umeyasahau. Si kosa lako."

Nikamgeukia mtoto, maana sikuwa na pengine pa kugeukia. Neema alikuwa ameegemea kifua cha baba yake, anautazama mdomo wake. "Halafu babu alicheka," aliniambia, kama mtu anayemsaidia bibi aliyepotea njia. "Alicheka, akaingia kwenye shimo. Mimi niliona."